Gitaa Lililoingia Bila Hodi

Wanawake wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mmeniuliza maghorofa ya Marekani ni marefu kiasi gani, na kama nilimwona rais. Maghorofa sikuyapima, na rais hakunialika. Naandika haya mara moja ili nisisimamishwe tena kila tukitoka kanisani. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kusahihisha mwandiko akasahihishe wa wajukuu wake. Mambo ya tiketi na viza aliyashughulikia mwanangu Aloyce. Mimi nilitia sahihi nilipoonyeshwa, basi.

Nilikwenda kwa sababu Aloyce alipata mtoto wa kike, wa kwanza, na kama ilivyo kwetu akampa jina la mama yake mzazi. Mtoto anaitwa Anastazia kama mimi. Alitakiwa kubatizwa. Lakini Aloyce na kaka yake Deo, ambao wote wanaishi upande huo wa Washington, walikuwa hawasalimiani. Nikasema hapana. Jina langu haliingizwi kanisani baba mkubwa akiwa amekaa nyumbani kwake amenuna.

Ugomvi wao ulikuwa wa santuri.

Ninyi mnaujua ugonjwa wangu. Nikiwa msichana nilipika na kupiga pasi kwa yule Mzungu wa shamba la kahawa, naye alikuwa akipiga muziki wa magitaa ya umeme, wa vijana wenye nywele mpaka mabegani, kwa sauti ya kutikisa vikombe. Wenzangu jikoni waliziba masikio. Mimi nilipiga pasi kwa mdundo wake. Alipohama aliniachia sanduku zima la santuri pamoja na mashine yake. Maneno siyajui, sijawahi kuyajua, na sijaona hasara. Kiingereza cha kwenye maganda sikisomi, kwa hiyo kila santuri niliipa jina kwa picha yake.

Ganda la Kofia lina nyimbo mbili nzuri, na zilizobaki ni za kujazia, kama wali wa msibani wageni walipozidi. Wa Ganda la Bahari ana sauti, lakini analia mno. Mtu mzima akilia kwenye kila wimbo, ikifika wa mwisho nani atamhurumia? Ganda la Ngazi ndilo kubwa kuliko yote. Ndani ya ganda moja mna sahani mbili, na hakuna wimbo wa kutupa. Mpiga ngoma wake anapiga kama mtu anayepasua kuni zake mwenyewe, hana haraka na hakosei.

Kasoro yake ni moja tu. Wimbo wa mwisho kabisa unaanza na kinanda, polepole, kama watu wanaokwenda kukomunika. Mara gitaa linaingia kwa kishindo, pwaa! Hakuna hodi, hakuna samahani. Tangu ujana wangu nimesema yule mpiga gitaa ni fundi, ila hakulelewa.

Sindano ya mashine ilipokufa na nyingine ikakosekana Moshi nzima, nilikuwa nimekwisha kunakili nyimbo kwenye kaseti. Wanangu wakawa wanaondoka, nikawagawia santuri. Ganda la Ngazi nililigawa kama tunavyogawa mbuzi, kila mtu na kiungo chake. Sahani zile zimepangwa hivi: upande wa kwanza na wa nne uko kwenye sahani moja, wa pili na wa tatu kwenye nyingine. Deo mkubwa nilimpa yenye mwanzo na mwisho, Aloyce nikampa ya katikati. Nilifanya makusudi. Anayetaka kuisikia Ngazi yote sharti abishe mlango wa ndugu yake.

Deo akaipoteza yake. Alikuwa anahama nyumba, na sanduku likaenda pamoja na vitu vya zamani ambavyo watu wa kule huvitandaza kwenye majani mbele ya nyumba wakiviuza. Aloyce alipopata habari alimsubiri kwenye sherehe, watu wameshika sahani za nyama, akasema kwa sauti: "Mwoneni huyu. Amemtandaza mama kwenye majani akamuuza." Deo akaweka chakula chini akaondoka. Tangu siku hiyo, kimya.

Kwa hiyo kabla ya safari nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikachuma isale. Ninyi mnalijua, lakini wajukuu watakaosoma hawalijui. Ni jani refu la mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo unalipeleka kwake, au unamtuma mtu alipeleke. Hata awe na hasira ya simba, hawezi kulikataa.

Kutoka Kibosho mpaka Ulaya

Ndege ya kwanza sina la kusema juu yake isipokuwa chakula. Walinipa kuku asiye na mfupa wala ladha. Nilikuwa na ndizi zangu za kuchoma kwenye kitambaa, nikala hizo.

Ulaya tulikuta ukungu. Ndege ya kwenda Marekani ikawa inaahirishwa, inaahirishwa, mpaka watu wakaanza kulala sakafuni kwenye makoti yao. Nikatoa redio yangu ndogo ya kaseti, nikaweka vipokea sauti masikioni. Mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano, aliyekaa kiti cha pili, akanigusa goti.

"Mama, weye unasikilizaka nini? Makelele yanafika mpaka huku."

Alikuwa Mkongo, Mama Beya, anakwenda kwa binti yake Maryland. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao lakini tulielewana.

"Si makelele," nikamwambia. "Ni magitaa."

"Magitaa? Gitaa ya kwetu inaimba. Hii yako inalia sawa mbuzi wanachinja."

"Rumba yenu ni nzuri, ila inazunguka mno. Mtu akiinuka kucheza chakula kikiwa cha moto, akirudi mezani anakuta kimeganda."

Alicheka mpaka kiti kikatetemeka. Nikampa ndizi, yeye akanipa samaki wa kukaushwa aliyefungwa kwenye karatasi tatu na bado ukumbi mzima ulikuwa na habari zake. Nikamvalisha vipokea sauti ausikie ule wimbo wa mwisho wa Ngazi. Alifumba macho kinanda kilipoanza, akatikisa kichwa taratibu. Gitaa lilipoingia akaruka.

"Yeye! Nani amekanyaga paka?"

"Umeona? Hana hodi."

"Huyo hakuna mama yake," akasema Mama Beya, na tukawa marafiki.

Kiwanja cha Dulles

Tulishuka Dulles pamoja. Tukiwa tunasubiri mabegi, kambwa kadogo kalikovalishwa koti kakaja, kakaupita mkoba wa Mama Beya wenye samaki, kakakaa mbele ya wangu. Hakakubweka. Kalikaa tu kananitazama kama katekista.

Ofisa aliyekashika, dada mpole, akaniomba nifungue. Ndizi zilizobaki akazichukua. Sikubisha, zilikuwa zimeanza kukauka. Halafu akalichukua isale.

"Mwambie hilo si chakula," nikamwambia Mama Beya, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini kilizidi changu. "Mwambie ni la amani. Ni la wanangu."

Wakazungumza, mikono mingi, maneno machache.

"Anasema pole sana, mama. Anasema hata amani, kama iko na majani, haipite."

Nikaliona likiingia kwenye pipa na fundo lake. Yule dada alinitazama kwa huruma, sina neno naye. Sheria yao ni sheria. Lakini nilitoka pale mikono mitupu, na mtu hawezi kwenda kupatanisha ndugu mikono mitupu. Maneno matupu walikuwa nayo ya kutosha.

Sterling, kwa Aloyce

Aloyce anafanya kazi ya ulinzi kwenye majengo makubwa yasiyo na madirisha. Alipokuja kunichukua Dulles tuliyapita, nikamwuliza mle ndani wamo nani. Akasema hamna mtu, ni mashine za kompyuta tu, zinapulizwa upepo baridi mchana na usiku. Kumbe kule mashine zina feni na mama yako anavuja jasho kwenye gari lako bovu. Nilimwambia hivyo hivyo.

Mke wake ni Mkenya, anaitwa Wanjiru, nesi, mchangamfu, ana mdomo na ana kazi. Nilimpenda. Nilitaka kumpikia mtori wa uzazi. Dukani tulipata ndizi mbichi kubwa, nikazimenya, nikazichemsha na nyama, nikazisaga. Zikawa tamu na nzito kama gundi. Zilikuwa za kukaanga, si za mtori. Wanjiru alikula bakuli zima.

"Mum, ni poa sana," akasema.

"Si nzuri. Usinidanganye."

"Basi si poa, lakini umenipikia, na sijapikiwa tangu nizae."

Nikamwongezea bakuli la pili.

Sebuleni, juu ya televisheni, niliona santuri yangu ya Ngazi, ile ya katikati, imewekwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa ukutani.

"Hii nini?" nikamwuliza Aloyce.

"Nimeitunza, mama. Isije ikapotea kama ya mtu fulani."

"Unaisikiliza?"

"Sina mashine. Halafu bila ule mwanzo na mwisho..."

"Santuri si picha ya Bikira Maria. Itoe humo."

Akaitoa, lakini uso ulikuwa mgumu. Nikamwuliza kama kaka yake atakuja kwenye ubatizo. Akasema mlango hakuufunga yeye. Nikamwuliza kama atakwenda kumwita. Akasema yeye ndiye aliyekosewa, hawezi kwenda. Nikajua Deo naye ana sentensi hiyohiyo, neno kwa neno. Nimewazaa mimi.

Asubuhi nikamwambia Wanjiru anipeleke Woodbridge kwa Deo.

"Mum, nimewaongelesha hawa watu wawili mpaka nimechoka. Ukienda bila kitu cha kushika, Deo atakupa chai, atakupa soda, halafu atakwambia yuko sawa."

"Najua. Twende hivyo hivyo."

Njiani, duka la matairi

Nilifurahi kwamba gari la Wanjiru lina redio. Kule kuna stesheni inayopiga magitaa ya zamani tangu asubuhi mpaka jioni, na nyimbo nyingine nilizitambua kama mtu anavyotambua majirani mjini. Lakini wanazikata. Wimbo mrefu wanaukata mkia ili tangazo la magodoro liingie. Wimbo ukitungwa mrefu una sababu. Huwezi kumwambia padri aruke mageuzo kwa sababu nyama inaungua.

Barabara yao kubwa ina njia nyingi kuliko vidole vya mkono, na zote zilikuwa zimesimama. Tulisogea kama foleni ya kupokea majivu. Mara tairi la nyuma likaanza kupiga pa-pa-pa. Wanjiru akatoa gari pembeni kwa neema ya Mungu tu, tukajikokota mpaka kwenye duka la matairi. Wakasema tusubiri, kuna watu mbele yetu. Mtoto akalia, akanyonya, akalala.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, birika la kahawa chungu, na kwenye kona, ndani ya chungu cha udongo, limesimama isale.

Niliinuka nikaenda kulishika. Nilifikiri macho yananidanganya kwa usingizi wa ndege. Jani lile lile, mng'ao ule ule, mstari wa njano katikati ndio ulikuwa mgeni. Wamelipanda ndani ya nyumba kama pambo, karibu na mashine ya soda.

"Wanjiru, hili ni isale."

"Mum, hayo ni maua ya ofisi. Hata huko kwangu kazini yako."

"Na watu wenu bado wanagombana?"

Nikavunja jani moja. Mwenye duka, mzee mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma kama mkia wa farasi, akaniona. Wanjiru akakimbilia kumweleza, anaongea haraka, ameona aibu mpaka masikioni. Yule mzee akasikiliza, akalitazama jani, akanitazama mimi. Akasema, kwa maelezo ya Wanjiru, kwamba naye ana kaka, Texas, na nichukue mawili kama nahitaji.

"Moja linatosha," nikasema. "Ila yeye avunje la pili, amtumie wa Texas."

Nikiwa nafunga fundo, redio yake ikaanza kupiga kinanda ninachokijua. Ngazi! Wimbo wa mwisho. Nikasimama wima. Yule mzee akaona nimesimama, akakodoa macho, akaongeza sauti. Lakini kinanda kilipoanza tu kupanda, simu ya dukani ikalia, akaizima redio akapokea. Alipomaliza, tangazo lilikuwa limeshika nafasi.

"Mwambie ni wimbo mkubwa," nikamwambia Wanjiru, "ila gitaa linaharibu. Linavamia."

Wakasemezana. Yule mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, akapiga gitaa la hewani kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

"Anasema halivamii, Mum. Anasema linaanza polepole sana, linanyatia. Anasema hapo ndipo penyewe."

"Mwambie nimeusikiliza tangu sijaolewa."

"Anasema naye pia."

"Basi mwambie afunge tairi." Mwanamume akishika jambo asilolijua hana dawa. Tuliagana vizuri, lakini nilimhesabu kuwa mbishi.

Woodbridge, kwa Deo

Deo alitufungulia mlango mwenyewe. Amenenepa, amepata mvi. "Shikamoo, Mama," akasema, akanishika mikono yote miwili. Binti yake mkubwa, Grace, akanikumbatia. Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu Kiingereza. Nilimwambia aendelee kujibu anavyoweza, bora ajibu.

Ikaja chai. Ikaja soda. "Mimi niko sawa tu, Mama," akasema Deo. Wanjiru akanitazama.

Nikatoa isale nikaliweka mezani, kati ya vikombe.

Deo alirudi nyuma kwenye kiti kama aliyeona nyoka. Alipata kuliona mara moja tu utotoni, baba yake alipoletewa na jirani.

"Aloyce amelituma?"

"Aloyce hakunituma. Mtoto wa ndugu yako abatizwe lini, wewe ukiwa wapi, hilo ndilo limenituma. Nimejituma mwenyewe."

"Mama, aliniambia mbele ya watu kwamba nimekuuza."

"Nimeuzwa? Si niko hapa nakunywa chai yako?"

Akainama. Halafu akanyoosha mikono yote miwili akalichukua lile jani, kama inavyopasa. Akaenda chumba cha ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye taulo. Akafungua. Ganda la Ngazi, zima, sahani mbili ndani.

"Nilitembea maduka yote ya santuri kuukuu mpaka Baltimore," akasema. "Si ile yako. Lakini ni yenyewe. Na mashine nilinunua."

"Inalia vizuri?"

"Sijaipiga hata mara moja. Nilitaka kumwambia Aloyce siku ile ile ya sherehe kwamba naitafuta. Hakuniacha nifike kwenye neno."

Nikamwambia achukue koti, na mashine aipakie kwenye gari lake.

"Isale lenyewe niliache hapa?"

"Wewe umelipokea. Sasa lina kazi nyingine."

Kurudi Sterling

Aloyce alikuwa mlangoni, ameona magari mawili. Deo akashuka na lile jani mkononi. Lilikuwa limeanza kulegea, fundo limekaza. Hakusema hotuba. Alilinyoosha mbele yake.

"Santuri ya mama niliipoteza mimi," akasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Aloyce hakulishika mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye ganda ambalo Wanjiru alikuwa amelikumbatia pamoja na mtoto.

"Hiyo si ile," akasema.

"Si ile," akakubali Deo.

Nikasubiri. Nilikuwa na maneno mengi na nikayameza yote, kwa sababu isale likishasimama kati ya watu wawili, wa tatu anyamaze. Aloyce akalitazama, akalitazama, kisha akalipokea kwa mikono miwili. "Na mimi nilikutukana mbele ya watu," akasema. "Nitalifuta neno lile mbele ya watu hao hao, siku ya ubatizo." Na alifanya hivyo, lakini hiyo mtawauliza waliokuwapo.

Tukaingia. Mashine ikawekwa juu ya meza ya chakula. Tukaanza upande wa kwanza kutoka santuri mpya ya Deo. Ikaja zamu ya katikati, nikaagiza ile ya zamani ya Aloyce, iliyotoka ukutani, na mikwaruzo yake yote. Wanjiru alisema muziki huu unamwumiza kichwa, lakini hakutoka. Mtoto alilala katikati ya ngoma kama mtu aliyezizoea tumboni.

Upande wa nne, tena kutoka santuri ya Deo. Wimbo wa mwisho. Kinanda kikaanza, kikapanda polepole kama watu wa kukomunika, nasi watatu, mimi na wanangu, tukawa tunafuatisha kwa midomo iliyofungwa kama tulivyofanya jikoni kwetu walipokuwa wadogo. Tukafika pale. Sote watatu, kwa pamoja, tukapiga kelele: "Pwaa!"

Santuri haikupiga.

Kinanda kilikuwa kinaendelea. Na chini yake, mbali, likaja gitaa, uzi mmoja tu, umeguswa na kuachwa. Likangoja. Likagusa tena. Likangoja. Mara ya tatu kinanda kikatulia kidogo, kama mwenye nyumba anayeinuka kwenda mlangoni, na ndipo lile gitaa likaingia kwa nguvu zake zote.

Deo alikuwa wa kwanza kuelewa. "Ile yetu ilikuwa inaruka," akasema. "Mama, ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilikuwa inaruka hapo."

"Na kaseti ikanakili kuruka," akasema Aloyce. Wakatazamana, wakaanza kucheka, kucheka kwa kushikana mabega, mpaka mtoto akaamka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza. Maisha yangu yote nimemwita yule mtu mvamizi, na kumbe alibisha hodi mara tatu. Yule mzee wa matairi alisema kweli, na nilimwagiza Wanjiru akimpita amwambie.

"Rudisha sindano," nikamwambia Deo.

Akarudisha. Safari hii tulinyamaza sote, tukamwacha abishe.